Barua ya wazi kwa wahariri wa habari za kimataifa: Gavana wa Tortola si gavana wa kaunti

Kwa Mhariri Mkuu na Wasimamizi wa Dawati la Habari za Kimataifa

YAH: UPOTOSHAJI WA MUUNDO WA SERIKALI YA VISIWA VYA VIRGIN VYA UINGEREZA KATIKA TAARIFA ZENU ZA KISWAHILI

Waheshimiwa Wahariri,

Naandika kwa heshima, na hii ni mara ya nne. Barua ya kwanza niliituma Mei 2022, ya pili Mei 2023 na ya tatu Agosti 2024, zote kwa anwani ambayo watangazaji wenu huisoma kila jioni wakiwaomba wasikilizaji watoe maoni. Ya kwanza ilijibiwa kwa sentensi moja ya shukrani. Mbili zilizofuata hazikujibiwa kabisa, na makosa niliyoyaeleza yameendelea kusomwa hewani kwa sauti ileile ya uhakika. Kwa kuwa njia ya faragha imeziba, mniwie radhi kwa kupita njia kuu. Idhaa yenu sitaitaja. Nimeisikiliza tangu ujana wangu na sina haja ya kuifedhehesha, na isitoshe nyinyi wenyewe mnajijua.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na uraia. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafanya vijana watofautishe koloni na nchi lindwa, serikali ya madaraka na serikali huru, mkuu wa nchi na mkuu wa serikali. Ndiyo maana taarifa zenu kuhusu visiwa hivi huniumiza kichwa kuliko zinavyomuumiza msikilizaji wa kawaida, ambaye hana sababu ya kushuku kwamba alichoambiwa hakikuwa sahihi.

Nalijua swali mtakaloanza nalo: mzee wa Tanga anatafuta nini Karibi? Visiwa vyenyewe, ukivijumlisha vyote, Tortola ambacho ndicho kikuu, Virgin Gorda, Anegada, Jost Van Dyke na vingine vidogo vidogo, ni kama kilomita za mraba 150 tu, na wakazi wake ni kama 30,000. Kisiwa chetu cha Mafia peke yake kinavizidi zaidi ya mara mbili. Lakini jina la visiwa hivyo halitufikii kwa sababu ya fukwe zake. Linatufikia kila inapotajwa kampuni ambayo mwenyewe hajulikani. Tangu sheria ya mwaka 1984 iliyorahisisha uandikishaji wa kampuni za watu wa nje, kampuni zilizosajiliwa huko zimefika zaidi ya laki tatu, na ada zake ndizo nguzo kubwa ya mapato ya serikali. Oktoba 2021, Nyaraka za Pandora, zile hati za siri za fedha zilizovuja, zilipotaja kampuni zinazohusishwa na familia ya Rais wa Kenya wa wakati ule, jina la visiwa hivyo liliingia katika kila baraza la kahawa pwani hii. Kumiliki kampuni ya aina hiyo si kosa peke yake, na sikusudii kumhukumu mtu hapa. Ninachokumbuka ni swali alilouliza jirani yangu, fundi wa baiskeli ambaye hakupita sekondari: huko ni nani hasa mwenye amri ya kusema daftari lifunguliwe, watu wasome majina? Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na taarifa yenu ya jioni ile ilimjibu kwa maneno manne, "serikali ya nchi hiyo". Jibu hilo lina makosa mawili, nami nitaanza na la mwisho.

1. Mnaviita nchi huru, wakati si nchi huru

Katika taarifa zenu nimesikia "taifa la visiwa", "nchi ndogo ya Karibi" na safari moja "jamhuri". Visiwa vya Virgin vya Uingereza ni mojawapo ya maeneo 14 ya ng'ambo ya Uingereza. Mkuu wake wa nchi ni Mfalme aliyeko London. Havina kiti katika Umoja wa Mataifa. Badala yake vimo katika orodha ya Umoja huo ya maeneo 17 yasiyojitawala. Wenyeji wake wamekuwa raia kamili wa Uingereza tangu Mei 2002, lakini hawachagui mbunge hata mmoja wa kuwasemea katika bunge la Uingereza, ingawa bunge hilo linaweza kutunga sheria inayowafunga.

Nikisema haya kwa wasomaji wa Kiswahili sisemi jambo geni. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia orodha hiyo, ile iitwayo Kamati ya 24, Tanzania imo ndani yake, na katika miaka ya 1970 mwenyekiti wake alikuwa Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar. Kuna wakati majina ya visiwa hivi yalikuwa yakipita mezani kwa Mswahili, na leo idhaa ya Kiswahili haijui kwamba vimo katika orodha.

Kuna udhuru ninaoutarajia hapa: kwamba kuviita koloni ni kushika upande. Sikuombeni mviite koloni. Wapo wenyeji wa huko wanaolikataa neno hilo na wapo wanaolitumia kwa makusudi, na ugomvi huo ni wao. Nawaombeni mtumie neno ambalo Kiswahili kilikwisha kulifanyia kazi. Kenya ina Siku ya Madaraka, 1 Juni 1963, kisha ina siku ya uhuru, 12 Desemba mwaka uleule. Miezi sita iliyo katikati hakuna Mkenya mwenye umri wa kutosha anayeichanganya. Katika miezi hiyo Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu na Malcolm MacDonald alikuwa bado Gavana. Tanganyika nayo ilipita hapohapo: Septemba 1960 Mwalimu Nyerere aliongoza baraza la mawaziri huku Sir Richard Turnbull akiwa Gavana, na bendera ya Uingereza haikushushwa hadi Desemba 1961. Visiwa vya Virgin vina madaraka ya ndani. Vimekaa katika hali hiyo tangu 1967, zaidi ya nusu karne ndani ya kile ambacho kwetu kilikuwa chumba cha kupitia tu. Semeni "eneo la Uingereza lenye madaraka ya ndani", na msikilizaji wenu wa Nakuru au Tabora ataelewa papo hapo.

2. Neno "gavana" mnalitumia bila kulieleza

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu neno lenyewe ni sahihi na upotofu unatoka katika masikio ya msikilizaji, ambayo kazi yenu ni kuyajua. Tangu 2013 Mkenya akisikia "gavana" anamwona mtu aliyepigiwa kura, mwenye kaunti, anayeweza kung'olewa na seneti, wapo 47. Mtanzania akisikia "gavana" anamfikiria mkuu wa Benki Kuu, ambaye saini yake imo kwenye noti. Sasa mnaposoma kwamba "Gavana wa Visiwa vya Virgin ametofautiana na Waziri Mkuu", wa Mombasa anaelewa kwamba kiongozi wa mkoa amemgomea mkubwa wake, na wa Dodoma anaelewa kwamba kuna mzozo wa riba. Nyote watatu, mtangazaji na wasikilizaji wake wawili, mmetumia neno moja na hakuna aliyekutana na mwenzake.

Gavana wa Tortola hachaguliwi na mtu yeyote visiwani. Huteuliwa na Mfalme kwa ushauri wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwa kawaida kutoka miongoni mwa wanadiplomasia wake, hukaa miaka michache kisha huhamishwa. Lakini si pambo. Kwa Katiba iliyoanza kutumika Juni 2007, yeye ndiye mwenye dhamana ya mambo ya nje, ulinzi, usalama wa ndani pamoja na jeshi la polisi, masharti ya ajira ya watumishi wa umma na uendeshaji wa mahakama. Ndiye anayeongoza vikao vya Baraza la Mawaziri anapokuwepo. Ajenda yake huipanga pamoja na kiongozi wa serikali na Katibu wa Baraza. Muswada uliopitishwa na wawakilishi hauwi sheria mpaka autie saini, na hata akiutia, Mfalme anaweza kuitengua sheria hiyo kwa ushauri wa mawaziri wake wa London. Juu ya yote hayo, Ufalme umejiachia haki ya kuwatungia watu wa visiwani sheria moja kwa moja kwa njia ya Amri ya Mfalme katika Baraza. Haki hiyo imeandikwa katika Katiba yenyewe, kama mwenye nyumba aliyempangisha mtu akabaki na ufunguo wa pili.

Kwa haki nitaje na upande wa pili. Katika mambo mengi yaliyobaki Gavana hufuata ushauri wa mawaziri, na sehemu ya mambo ya nje, hasa uhusiano na jumuiya za Karibi na majirani, hukasimiwa kwa kiongozi aliyechaguliwa. Naibu Gavana lazima awe mwenyeji wa visiwa. Lakini msikilizaji anayetaka kujua polisi wa Tortola wanaripoti kwa nani, jibu ni Gavana, na taarifa yenu ya Mei 2022 ilimwambia kinyume.

Sipendekezi neno jipya. Sentensi moja inatosha, nayo ni hii: "Gavana, ambaye huteuliwa na Uingereza na kusimamia polisi, ulinzi na mambo ya nje." Nimeisoma kwa sauti nikiangalia saa, imechukua sekunde saba.

3. "Waziri Mkuu" anabeba mzigo usio wake

Kiongozi wa serikali iliyochaguliwa alikuwa na cheo kimoja (Chief Minister) tangu 1967 hadi 2007, na cheo kingine, chenye heshima zaidi (Premier), tangu Katiba mpya. Nyinyi vyote viwili mnaviita "waziri mkuu". Sitagombana nanyi kwa ukali, maana Kiswahili hakijapatana juu ya cheo cha pili. Lakini kwa cheo cha kwanza tulikuwa na neno kamili mkononi: Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi hadi 2010, na kila aliyeishi chini ya utaratibu ule anajua maana yake, kiongozi wa shughuli za serikali ambaye juu yake yupo mwingine na ambaye mambo fulani makubwa hayamo katika mamlaka yake. Kwa maoni yangu neno hilo linafaa kwa vyote viwili. H. Lavity Stoutt, aliyekuwa wa kwanza mwaka 1967 na aliyekuwa madarakani alipofariki mwaka 1995, alikuwa Waziri Kiongozi. Ralph O'Neal, Andrew Fahie na Natalio Wheatley waliofuata chini ya Katiba ya 2007 wamekuwa na madaraka mapana kuliko ya Stoutt, hasa katika fedha, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa na amri juu ya askari polisi.

Hapo kwenye fedha msipite haraka. Serikali ya Tortola hujitafutia bajeti yake. Montserrat, kisiwa kingine cha Uingereza katika bahari ileile, kilichopoteza mji wake mkuu wa Plymouth kwa volkano iliyoanza kulipuka Julai 1995, hutegemea London kwa zaidi ya nusu ya matumizi ya serikali. Gavana anayekaa mbele ya mawaziri wanaojilipia hazungumzi kama Gavana anayekaa mbele ya mawaziri wanaosubiri hundi, hata kama katiba zao zinafanana kwa maneno.

4. Wawakilishi wa watu mmewaita wateule wa London

Katika kipindi chenu cha Mei 2022 mchambuzi wenu alisema bunge la visiwa "limejaa wateule wa Uingereza". Baada ya kuviita jamhuri, ghafla mkavigeuza kambi ya jeshi. Bunge hilo lina wajumbe 13 wa kuchaguliwa: tisa kutoka majimbo tisa, na wanne wanaochaguliwa na visiwa vyote kama jimbo moja. Mpiga kura anampigia mmoja wa jimbo lake, na papo hapo anaweza kuchagua hadi wanne wa visiwa vyote. Viti hivyo vinne vilianza katika uchaguzi wa 1995. Wengine waliomo ni Spika na Mwanasheria Mkuu, na huyu wa mwisho hana kura. Muhula ni miaka minne. Basi.

Kosa hili liliniuma kwa sababu ya namna bunge hilo lilivyopatikana. Tangu mwanzo wa karne ya 20 watu wa visiwa hawakuwa na baraza la kutunga sheria la kwao; walitawaliwa kama kipande cha shirikisho la Visiwa vya Leeward, chini ya Kamishna. Mwaka 1949 mvuvi wa Anegada, Theodolph Faulkner, alikuja Tortola na mkewe mjamzito, akakosana na daktari wa serikali, na alipoona malalamiko yake hayana pa kwenda akasimama uwanja wa soko wa mji mkuu, Road Town, usiku baada ya usiku, akisema hadharani. Tarehe 24 Novemba mwaka ule yeye na wenzake, Carlton deCastro na Glanville Fonseca, waliongoza maandamano ya zaidi ya watu 1,500 hadi kwa Kamishna wakapeleka madai yao kwa maandishi. Mwaka uliofuata baraza lilirudishwa. Waliochaguliwa kukaa ndani yake leo, wema kwa wabaya, wanakaa kwa kura, na wabaya wao ni wabaya wa kuchaguliwa na watu wao wenyewe. Hilo nalo ni la kwao.

5. Siku mbili za Aprili 2022 mlizigeuza kuwa jambo moja

Alhamisi ya tarehe 28 Aprili 2022, Andrew Fahie, kiongozi wa serikali, alikamatwa Miami na maafisa wa Marekani kwa tuhuma za njama ya kokeini na utakatishaji wa fedha. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili, Gavana John Rankin alichapisha ripoti ya Tume ya Uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Sir Gary Hickinbottom. Mlitangaza kwamba Uingereza "imeamua kuipindua serikali baada ya waziri mkuu kunaswa na dawa". Hakuna neno la kweli katika sentensi hiyo isipokuwa "Uingereza" na "dawa".

Tume ilitangazwa Januari 2021, miezi kumi na mitano kabla ya Miami, na aliyeiunda ni Gavana aliyetangulia, Augustus Jaspert. Ilichunguza jinsi serikali ilivyoendeshwa: zabuni, misaada ya fedha iliyogawiwa kwa hiari ya wanasiasa, uteuzi katika bodi, ardhi ya serikali. Mashtaka ya Miami yalikuwa ya Wamarekani, yakaenda mahakamani kwao, yakaisha kwa Fahie kutiwa hatiani Februari 2024 na kuhukumiwa Agosti mwaka ule kifungo cha zaidi ya miaka 11. Mito miwili ilifurika wiki moja.

Wala hakuna aliyepinduliwa. Jaji alipendekeza sehemu za Katiba zisimamishwe kwa miaka miwili kwa kuanzia, wawakilishi waende nyumbani, na Gavana atawale na baraza la washauri. Hilo lilikuwa pendekezo. Watu waliandamana Road Town kulipinga, wengi wao wakisema wazi kwamba hawamtetei Fahie. Tarehe 5 Mei bunge lilimwondolea Fahie imani na Natalio Wheatley akaapishwa, akaunda serikali ya umoja iliyochanganya vyama. Tarehe 8 Juni Liz Truss, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alitangaza kwamba utawala wa moja kwa moja hautatumika kwa sasa, na Amri ya Mfalme itaandaliwa na kuwekwa kando, tayari. Kwa hiyo kilichotokea ndicho mlichoshindwa kukisimulia: serikali iliyochaguliwa iliachwa ifanye marekebisho yenyewe huku ufunguo wa pili ukiwa umewekwa mezani ili kila mtu auone.

Tishio hilo halikuwa la mdomo tu. Agosti 2009 katika Visiwa vya Turks na Caicos, London ilisimamisha sehemu za katiba kwa sababu za ufisadi, na bunge halikurudi hadi Novemba 2012. Kila mwanasiasa wa Tortola anaikumbuka miaka ile mitatu. Ukiiacha nje ya taarifa, hofu ya watu walioandamana Mei 2022 inaonekana kama upuuzi.

6. Mnavichanganya na visiwa vya jirani

Mei 2023, mkiripoti uchaguzi uliofanyika Aprili, mlisema wananchi wamemchagua "gavana mpya". Upo upande ambako Gavana huchaguliwa kweli, nao ni Visiwa vya Virgin vya Marekani, yaani St. Thomas, St. John na St. Croix, vilivyonunuliwa kutoka Denmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25 na kuanza kumchagua Gavana wao mwaka 1970. Huko kuna seneti ya watu 15. Upande wa Tortola, chama cha Wheatley kilipata viti sita kati ya 13 na ikabidi kimpate mjumbe wa upande mwingine ili kiunde serikali. Ni taarifa ya kusisimua kwa yeyote apendaye siasa, na mliipoteza kwa kutazama ramani ya jirani.

7. Mahakama

Ni jambo fupi. Mlisema rufaa za huko huishia "Mahakama Kuu ya London". Visiwa vina Mahakama ya Juu ya Karibi ya Mashariki, inayotumiwa kwa pamoja na visiwa kadhaa na yenye makao Saint Lucia, na rufaa ya mwisho huenda kwa Kamati ya Sheria ya Baraza la Faragha la Mfalme.

Sasa nizigeukie nyudhuru ambazo sijazigusa. Mtasema taarifa hizi huja kutoka mashirika makubwa ya habari na nyinyi hutafsiri tu. Lakini mwandishi wa shirika hilo anamwandikia msomaji wa Uingereza, ambaye alifundishwa utotoni gavana wa ng'ambo ni nani. Msomaji wenu hakufundishwa, au alifundishwa jambo jingine kwa neno hilohilo. Mtasema muda ni mfupi. Nimewaonyesha sekunde saba. Mtasema wasikilizaji hawajali. Yule fundi wa baiskeli alijali kiasi cha kuacha gurudumu mkononi akaniuliza, na bado nina deni la jibu lake.

Jibu lenyewe, kwa taarifa yenu, lingekuwa hivi. Mwaka 2018 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya vikwazo na utakatishaji wa fedha, na ndani yake kikawekwa kifungu kinachoitaka serikali ya London iandae Amri ya Mfalme ya kulazimisha daftari la wazi la wamiliki wa kampuni katika maeneo yake ya ng'ambo ambayo hayatakuwa yamelianzisha yenyewe. Watu wa Tortola walikasirika, wakiuliza bunge wasilolichagua linaingiaje katika riziki yao. Wapinzani wa siri za fedha nao wakauliza London iliyo na uwezo huo siku zote ilikuwa ikisubiri nini. Maswali yote mawili ni halali, na hakuna linaloeleweka kwa msikilizaji aliyeambiwa kwamba huko kuna nchi moja yenye serikali moja. Akijua kwamba ndani ya nyumba ile wapo wawili, mmoja aliyechaguliwa na mmoja aliyetumwa, atajua pia kwamba kila mmoja ana faida ya kumwonyesha mwenzake kidole daftari likiendelea kufungwa.

Baada ya hayo naomba mambo manne, na nayaomba kwa adabu ya mtu anayetarajia kujibiwa.

Naomba msome hewani masahihisho ya taarifa ya Mei 2022 kuhusu "kupinduliwa" kwa serikali, na ile ya Mei 2023 kuhusu "kuchaguliwa" kwa Gavana, katika kipindi kilekile na saa ileile makosa yalipotangazwa.

Naomba dawati lenu liandae orodha ya istilahi za tawala za Karibi. Isiishie kwa Waingereza: Wafaransa wana Martinique na Guadeloupe, ambazo tangu 1946 ni mikoa yao kamili inayopeleka wabunge Paris, Waholanzi wana Aruba, Curaçao na Sint Maarten kwa utaratibu mmoja, na Bonaire, Saba na Sint Eustatius kwa utaratibu mwingine kabisa. Ukurasa mmoja ubandikwe ukutani unatosha. Niko tayari kuuandika bila malipo, na wataalamu wenu wausahihishe wapendavyo.

Naomba kipindi kimoja cha nusu saa, mkimpata mtu wa Tortola mwenyewe aeleze anavyoishi chini ya mamlaka mbili. Vijana wetu wanaosoma habari za Turnbull na Nyerere kama mambo ya kale watashangaa kusikia sauti ya mtu anayeishi ndani ya sura hiyo leo.

Na naomba jibu la maandishi, lenye jina la mhariri aliyeisoma barua hii, hata kama jibu ni kwamba nimekosea. Nikionyeshwa nilipokosea nitaliandika hilo hadharani kama nilivyoandika haya. Nakala za barua zangu tatu za awali ninazo, pamoja na tarehe na saa za vipindi nilivyovinukuu, na nitazituma siku mtakayozihitaji.

Wenu katika kuitumikia lugha yetu,

Msikilizaji wenu, mwalimu mstaafu wa historia na uraia
Tanga